Mbwa Mwenye Leseni ya Mbali

Swali lililoninyima usingizi juma lile lilikuwa hili: mtu akilipa faini ya mbwa, je, huwa amekiri kosa?

Nililigeuza kila upande. Ikiwa amekiri, basi kuna mahali jina lake limeandikwa kuwa ni mkosaji. Ikiwa limeandikwa, kuna mtu anayeweza kulisoma. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi michache kabla, nikiwa na shahada ya jiografia, na wizara moja ilikuwa imeniita kwa mahojiano ya kazi. Mwishoni, mzee mmoja kati ya wale waliokaa ng'ambo ya meza alifunga faili yangu, akaipigapiga kwa kidole, akasema wangenipa jibu baada ya kuangalia mambo yangu. Nilirudi nyumbani, mtaa wa Jericho hapa Nairobi, nikijiuliza mambo yangu ni yapi. Sikuwa na mambo. Kisha kanjo, watu wa baraza la jiji, wakamshika mbwa wetu, nami nikawa nayo.

Mbwa alikuwa wa Mama, ingawa Baba ndiye aliyemleta. Alimleta kutoka ushago, kijijini kwao, akiwa bado mtoto, ndani ya kikapu kilichofunikwa gunia, akampakata kwenye basi njia nzima na kushuka suruali ikiwa imelowa. Alikua akawa mbwa wa kawaida kabisa, rangi ya vumbi, sikio moja limesimama na jingine limelala. Kazi yake ilikuwa moja. Mama aliuza uji na mandazi kwenye lango la kiwanda huko Industrial Area, kwa wafanyakazi waliotoka zamu ya usiku na wale walioingia ya asubuhi. Ili awawahi ilimbidi atoke kabla ya mapambazuko, avuke Jogoo Road, apite Makadara, kisha avuke reli.

Hapo relini ndipo palipokuwa na sifa mbaya. Watu walipigwa ngeta pale: mmoja anakukaba shingo kutoka nyuma, mwenzake anakuvua saa na viatu, na ukijitahidi sana unaachiwa soksi. Mama hakuwahi kuguswa. Mbwa alimtangulia hatua chache, akisimama kila aliposikia kitu na kuendelea alipotosheka. Akifika kiwandani alilala chini ya benchi mpaka ndoo ya uji iishe, kisha wakarudi pamoja. Mchana alifungwa mnyororo nyuma ya jikoni kwa sababu ya kuku wa majirani.

Baba alikuwa mtu wa sheria. Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha blanketi tangu kabla sijazaliwa, na sikumbuki siku aliyochelewa kulipa kodi ya nyumba. Mbwa pia alimwandikisha. Alimchanja, akamkatia leseni kila mwaka, akamvisha shingoni kibati cha shaba chenye nambari. Ila alimwandikisha ushago.

Jambo hilo halikumshangaza yeyote katika laini yetu ya nyumba, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameandikishwa kwao. Baba alipiga kura kule. Kitambulisho chake kilitaja kule, na changu pia, kwa kuwa nilipokwenda kuchukua fomu niliambiwa niandike kwa baba yangu. Sisi watoto tuliozaliwa Nairobi tukasoma Nairobi, tulipoulizwa tunatoka wapi tulitaja kilima tulichokiona wakati wa Krismasi. Nyumba ya Jericho ilikuwa ya kanjo. Mtu alipanga, akalea watoto, akazeeka humo, na muda huo wote alikuwa anapita tu. Hivyo kila Desemba Baba alimfunga mbwa kamba, akampandisha basi la ushago, akamkatia leseni mpya kule, kisha Januari wakarudi.

"Hata mbwa anaenda Krismasi," jirani yetu alikuwa akisema. "Na mimi hapa mwaka wa tatu sijaona kwetu."

Jirani huyu wa mlango wa pili alikuwa mama mmoja kutoka upande wa ziwa. Aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, katika soko la Jericho. Yeye ndiye aliyeona mambo yakitokea, na ndiye aliyekuja mbio kutuita, kitambaa cha kichwa mkononi. Pete moja ya mnyororo ilikuwa imelika ikakatika, mbwa akajipeleka sokoni, kwenye mlango wa bucha, na gari la kanjo la kukamata mbwa likawa linapita.

Baba alikuwa ametoka zamu ya usiku, amelala. Aliamka, akavaa koti ingawa jua lilikuwa kali, akachukua risiti ya leseni, akatembea hadi sokoni bila haraka. Mimi nilimfuata. Askari wawili wa kanjo walikuwa wamesimama kando ya gari. Mmoja alishika mti mrefu wenye kitanzi, na ndani ya kitanzi alikuwa mbwa wetu, ametulia, anaangalia bucha.

"Mwenye mbwa ni nani?" aliuliza yule askari mkubwa.

"Ni huyu mzee," jirani akasema. "Na ana leseni, muangalieni shingo! Mnashika mbwa wa watu wenye leseni, wezi mnawaacha."

Askari aliinama, akageuza kibati, akakisoma. "Hii si ya Nairobi, mzee."

"Si ya Nairobi," Baba akakubali, kwa sauti ya mtu anayefurahi kueleweka upesi. "Huyu mbwa si wa hapa. Ni wa nyumbani."

"Na hapa anafanya nini?"

"Anatusaidia tu."

"Amekuja lini?"

"Ni miaka sasa. Lakini kila Desemba anarudi."

Watu waliokuwa wamekusanyika walicheka. Baba hakuona cha kuchekesha. Alinyoosha risiti. Askari aliisoma yote, akaigeuza akaangalia nyuma, akamrudishia.

"Mzee, una karatasi ya kumtoa mbwa wilaya yake?"

"Karatasi gani?"

"Ya daktari wa mifugo. Mbwa hatoki wilaya moja kwenda nyingine hivi hivi. Kuna kichaa cha mbwa." Alisema hayo bila ukali, kama mtu aliyekwisha kuyasema mara nyingi. "Angekuwa mbwa wa Nairobi aliyefunguka, mambo yake ni mafupi. Huyu ni mgeni."

"Hata mimi ni mgeni," mwanamume mmoja aliyekuwa akinunua nyama akapaza sauti. "Mtanitia kwa gari?"

"Wewe huna meno," mwenye bucha akamwambia.

Askari mkubwa alimweleza Baba utaratibu. Mbwa angewekwa juma moja. Katika juma hilo mtu mwenye makao Nairobi angeweza kuja kusema mbwa ni wake na anakaa naye hapa. Angelipa faini ya kumwacha azurure, ada ya kila siku ya kumweka na kumlisha, chanjo mpya na leseni ya hapa. Au barua ije kutoka kwa daktari wa mifugo wa wilaya ya mbwa, ikisema wanamtaka arudishwe. Bila hayo mawili, angepigwa risasi.

Kama Baba angesema tangu mwanzo kwamba mbwa ni wake na anaishi Jericho, nadhani tungelipa siku ileile. Lakini kwa Baba huo ungekuwa uongo, na mbele ya askari. Alisema ukweli kama alivyoujua, akakunja risiti yake, tukarudi.

Jioni hiyo aliandika barua kwa mdogo wake ushago, akimwomba aende kwa daktari wa mifugo.

"Barua itafika mbwa akiwa ameshaoza," Mama akasema.

"Basi itajulikana tulifuata njia."

"Itajulikana na nani?"

Baba alilamba gundi ya bahasha. Mama aliingia jikoni kukanda unga wa mandazi, na kabla ya mapambazuko akaenda zake peke yake, ndoo kichwani na beseni mkononi.

Kuanzia siku iliyofuata nilienda naye. Sikujua ningemsaidia vipi. Nilibeba beseni, nikatembea nyuma yake, nikifikiria. Nilifikiria kwamba tukikimbia uji utamwagika, na kwamba Mama hatakubali umwagike, kwa hiyo hatutakimbia. Nilifikiria kama ni bora kutembea mbele au nyuma, kwa kuwa ngeta hutoka nyuma. Mbwa hakuwa na shaka kama hiyo. Tulipokaribia reli nilimwona Mama anaanza kukohoa kidogo, kikohozi kisicho cha ugonjwa, kama mtu anayebisha hodi.

Ijumaa nilikwenda walikofungiwa mbwa. Palikuwa upande wa Kariobangi, nyuma ya uwanja uliojaa magari mabovu ya taka. Watu walipaita jela ya mbwa. Kulikuwa na ukuta wa mawe, mlango wa mabati, na ndani yake vyumba vidogo vya simenti vyenye nondo mbele. Pembeni kulikuwa na ofisi ya dirisha moja. Karani aliyekaa humo alikuwa mtu wa makamo mwenye koti la kaki na redio ndogo iliyozungumza taratibu karibu na sikio lake.

"Mbwa gani?" aliniuliza.

Nikamweleza. Akaipunguza redio.

"Yule wa Krismasi! Nilisikia." Alivuta fomu. "Wewe ndiye mwenyewe?"

"Ni wa kwetu."

"Kwenu hakuweki sahihi. Nahitaji mtu mmoja. Nyumbani ni wapi?"

Nikataja kilima. Kilitoka chenyewe mdomoni, pamoja na lokesheni na tarafa, kama nilivyokuwa nikikitaja shuleni tangu darasa la kwanza.

Karani akaweka kalamu chini. "Basi tumerudi palepale, dada. Mbwa wa huko, mwenyewe wa huko. Leta barua ya huko."

"Lakini ninaishi Jericho."

"Kuishi ni kuishi. Hapa imeandikwa makao. Lete kadi ya kodi ya nyumba na kitambulisho, na useme makao yako ni Jericho na mbwa anakaa huko siku zote. Useme na kuandika."

Niliomba kuiona fomu. Aliigeuza akanisukumia chini ya nondo za dirisha. Niliisoma kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia. Karibu na mwisho palikuwa na mstari uliosema kwamba mtia sahihi anakubali kosa la kumwacha mbwa kuzurura mahali pa umma, na kwamba anachagua kulipa badala ya kupelekwa mahakamani.

"Hili kosa," nikauliza, "linakwenda wapi?"

"Linakwenda wapi vipi?"

"Likishaandikwa. Linabaki hapa, au linapelekwa mahali pengine? Kwa mfano, mtu akiomba kazi serikalini."

Alinitazama, kisha akatazama viatu vyangu, kisha uso tena. "Umesoma wewe."

"Kidogo."

"Watu wakija hapa wanalilia mbwa. Wewe unalilia karatasi." Hakusema kwa ubaya. "Mimi sijui. Karatasi zikijaa kwa kabati, kuna gari linakuja kuzichukua. Linazipeleka wapi, sijui. Tunafunga kesho saa sita mchana. Jumapili hakuna mtu. Jumatatu juma lake limekwisha."

Aliniruhusu nimwone. Mbwa alikuwa katika chumba cha pili kutoka mwisho, pamoja na mwingine mweusi aliyelala akitazama ukuta. Alisimama aliponiona, akaja kwenye nondo, akanusa mkono wangu, akakaa. Hakulia wala kubweka. Kibati chake cha shaba kilikuwa kimetolewa, na ukutani juu yake pameandikwa nambari kwa chaki. Nilikaa pale kidogo nikifikiria kwamba nambari ya chaki inafutika. Kisha nikaondoka.

Niliporudi nilimkuta jirani mahali pa kufulia pa laini yetu, akiosha karai za omena. Nilimweleza kila kitu, kwa sababu nilihitaji mtu asiye wa nyumba yetu. Nilimweleza kuhusu makao, kuhusu mstari ule wa kosa, kuhusu mzee wa wizarani na kidole chake. Alisikiliza akisugua.

"Digrii," alisema, maana ndivyo alivyoniita tangu nimalize chuo, "huko ushago wewe una nini?"

"Ni nyumbani kwetu."

"Nimesikia. Krismasi unalala wapi?"

"Kwa nyanya."

"Kitanda chako?"

"Tunalala na binamu zangu."

"Baba yako atagawa shamba, akupe wewe?"

"Kaka zangu ndio watapewa."

"Na ukiolewa, utaandikwa kwa bwana yako. Na usipoolewa, je?" Alimwaga maji, mapovu yakakimbia kwenye mfereji. "Na hapa unalala wapi?"

"Sebuleni."

"Basi hata mbwa wako anakushinda. Yeye ana mahali pake, nyuma ya jikoni."

Akacheka, na mimi nikacheka, lakini usiku mzima sebuleni nililipima neno lile. Nilikuwa nimefundishwa kusoma ramani na ningeweza kueleza mto wa Nairobi unatoka wapi na unaishia wapi. Sikuweza kujaza mstari mmoja wa fomu ya mbwa.

Kabla ya hapo, jioni, nilikuwa nimemwomba Baba kadi ya kodi. Alikuwa akijitayarisha kwenda zamu, anakunywa chai amesimama. Aliniita mama siku zote, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Mama," alisema, "ukiandika kwamba kwenu ni Jericho, siku ya kutoka Jericho utakwenda wapi?"

"Hawaulizi kuhusu siku ya kutoka, Baba."

"Wao hawaulizi. Mimi nakuuliza. Hii nyumba ni ya kanjo. Wakitaka tutoke, tunatoka. Mtu haweki jina lake juu ya kitu cha watu."

"Ni mbwa tu."

"Leo ni mbwa." Aliweka kikombe mezani. "Barua imeshapelekwa. Tungoje."

Hakunikaripia. Angenikaripia ningekuwa na cha kubishana nacho. Alichukua koti lake akaenda kazini, na kadi ikabaki katika mkebe wake wa bati uliokuwa na kufuli.

Jumamosi tulitoka na Mama kama kawaida. Tulipofika relini walikuwa wawili, wamekaa juu ya mataruma yaliyorundikwa kando ya njia. Walisimama. Walikuwa vijana wa umri wangu. Mmoja alivaa koti refu la mvua, na hakukuwa na mvua.

"Mathee," yule wa koti alisema, "leo pia umeacha askari wako?"

Nilielewa kwamba walikuwa wametuona siku nyingine pia, na kwamba walikuwa wakihakikisha.

"Ako likizo," Mama akasema. Akatua ndoo chini. "Mmekunywa chai?"

Wakatazamana.

"Hatujakunywa."

"Basi kujeni, uji bado ni moto."

Aliwamiminia vikombe viwili, akafunua beseni nililobeba, akawapa mandazi. Walikunywa wakiwa wamesimama, mmoja upande huu na mwenzake upande ule, sisi katikati. Yule wa koti alitafuna polepole akiniangalia.

"Na huyu?"

"Ni msichana wangu."

"Anasoma?"

"Amemaliza."

"Amemaliza nini, sekondari?"

"Chuo kikuu."

"Haki ya nani! Chuo kikuu, na anabeba beseni ya mandazi." Akamgeukia mwenzake. "Unaona sasa? Na wewe ulikuwa unalia ati uliacha shule."

Wakacheka sana, na hata Mama akatabasamu kidogo. Walirudisha vikombe bila kulipa. Yule wa koti alimpangusia Mama vumbi begani, mahali ambapo sikuona vumbi.

"Kesho hamfanyi," alisema. "Basi Jumatatu, mathee. Uje na pesa za wiki yote."

Wakaenda wakifuata reli. Mama alisuuza vikombe kwa maji kidogo, akavirudisha, akaomba nimtwike ndoo. Tulitembea mpaka tukaona taa za kiwanda.

"Usimwambie baba yako," akasema.

"Kwa nini?"

"Ataandika barua nyingine."

Tuliuza. Watu walikuja, wakanywa, wakataniana, wakalalamika kwamba mandazi yamekuwa madogo. Mama aliwajibu kama siku zote. Niliona tu kwamba alikuwa anaficha pesa ndani ya kifua mara kwa mara, hata sarafu, badala ya kuziacha kwenye mkebe.

Tuliporudi Jericho, Baba alikuwa amefika kutoka kazini, ameketi anavua viatu. Nilimwomba kadi tena. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikiyagawa sehemu tatu, na sehemu ya kwanza ilikuwa juu ya tofauti kati ya makao na asili.

"Tuliongea jana," Baba akasema kabla sijaianza.

Mama alikuwa ameinama kwenye karai, ametupa mgongo, anaosha vikombe.

"Jumatatu wananingoja relini," alisema bila kugeuka.

"Nani?"

"Wanaojua mbwa hayuko."

Baba alibaki na kiatu kimoja mkononi. Alimtazama Mama, kisha mimi, nami nikatikisa kichwa kukubali. Nilimwona akihesabu moyoni, na nilijua anahesabu nini: juma lililofuata pia alikuwa zamu ya usiku, na zamu ilitoka baada ya Mama kupita. Aliweka kiatu chini sambamba na mwenzake. Akaingia chumbani. Nilisikia kufuli ya mkebe.

Aliporudi aliiweka kadi mezani, akaisawazisha kwa kiganja.

"Mimi siwezi kwenda mbele ya mtu wa serikali niseme kwetu ni hapa," alisema. "Nikifa sitazikwa hapa. Lakini hiyo ni mimi." Akakaa. "Wewe una mdomo wako."

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Kama angeniamuru ningekwenda kwa amri yake, na kama angenikataza ningekuwa na sababu ya kubaki. Aliniachia. Nilikaa kwenye kiti kilichomkabili, kadi kati yetu, na mawazo yangu yakafanya kazi yake ya kawaida. Jina langu litaandikwa. Kabati litajaa. Gari litakuja. Mzee wa wizara atafungua faili, atakuta mwanamke mwenye kosa la mbwa, na ambaye kitambulisho chake kinataja kilima na fomu yake inataja Jericho. Atauliza mtu huyu ni wa wapi hasa. Nikajaribu kumjibu. Nikaona kwamba nimejaribu kumjibu juma zima, na kwamba hajaniuliza.

Ilikuwa karibu saa nne. Nilichukua pesa nilizokuwa nimeweka kwa kufundisha watoto wa shule hesabu wakati wa likizo, zile nilizokusudia kununulia nguo za kazi, nikazitia pamoja na kadi ndani ya mkoba.

Kariobangi nilipitia kwa mafundi wa vyuma. Mmoja alikuwa na minyororo imening'inia kwenye mti, mikubwa kwa midogo. Alinyanyua miwani yake ya kuchomelea.

"Wa geti au wa mbwa?"

"Wa mbwa."

"Mkali?"

"Hapana. Anapenda nyama tu."

"Huyo ndiye anakata." Alinichagulia wenye pete nene, akauvuta kwa mguu na mikono miwili kunionyesha. Nikaulipia. Ndipo nilipojua kwamba sitarudi nyuma, kwa kuwa sikuwa na haja nyingine yoyote ya mnyororo.

Karani alikuwa akipanga vitu vyake tayari kwa kufunga. Redio ilikuwa imezimwa.

"Umeleta barua?"

"Hapana. Nimeleta kadi."

Aliisoma. "Jina ni la mzee."

"Ni baba yangu. Nakaa naye. Mbwa atakuwa wangu."

"Kitambulisho." Akakisoma pia, akakiweka kando ya kadi, vitu viwili visivyotaja mahali pamoja. Akavuta fomu. "Makao?"

"Jericho."

"Jericho wapi?"

Nikataja nambari ya nyumba.

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

Aliandika. Mkono wake ulikuwa mzito na wa polepole, na nilisoma kila herufi kichwa chini ikitoka kalamuni. Kisha akanisukumia fomu. Nilikuta mstari wa kosa mahali palepale nilipouacha. Niliusoma mara moja, nikatia sahihi, nikaandika jina langu lote mahali pa mwenye mbwa. Nikatoa pesa. Zilikuwa nyingi kuliko kodi ya mwezi, na karani alizigawa mafungu: ya faini, ya kumweka, ya sindano, ya leseni. Akagonga mihuri. Akafungua sanduku la biskuti lililojaa vibati vipya, akachukua cha juu, akanakili nambari yake.

"Mlete!" akapaza sauti kupitia mlango wa nyuma.

Mhudumu alimleta kwa kamba. Mbwa alikuwa amekonda kidogo na alinuka dawa. Nilichuchumaa, nikapenyeza kibati kwenye ukanda wa shingo, nikafunga mnyororo mpya, nikaujaribu kwa kuuvuta mara kadhaa. Mbwa alingoja nimalize. Mlango wa mabati ulikuwa umeshafungwa nusu. Nikazungusha mnyororo kiganjani, nikapita, na mbwa akanitangulia hatua chache kuelekea Jericho.